Senga, mshahara unaingia tarehe 8 lakini mama mwenye nyumba anataka kodi tarehe 1

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Habari Senga. Nakaa Kireka, nje kidogo ya Kampala, Uganda, muzigo wa dabo (nyumba ya kupanga ya vyumba viwili), kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi na nalipa tarehe 1. Kazi yangu ya zamani walikuwa wanalipa tarehe 28, sikuwahi kuchelewa hata siku moja. Mwezi wa tatu nikapata kazi mpya huku Namanve, mshahara umepanda kidogo, mkononi napata 680,000, lakini hawa wanalipa kati ya tarehe 7 na 10. Mama mwenye nyumba anakaa kompaundi hiyo hiyo, tarehe 1 saa moja asubuhi yuko mlangoni. Basi kila mwisho wa mwezi nakopa 250,000 kwa simu, mshahara ukiingia wanakata 272,500. Sasa ni miezi mitano hivyo. Sielewi, mshahara umeongezeka lakini pesa inaniishia mapema kuliko zamani. Nihame? Ama huyu mama nimwambie nini?"

Mdogo wangu, usihame. Naanza na hiyo kwa sababu nakusikia tayari umeshaanza kuulizia vyumba, na broka akishakuona una haraka atakula pesa yake ya kukuzungusha hata kama hukupenda nyumba hata moja, halafu huko unakoenda watataka kodi ya miezi miwili mitatu kwa mkupuo, ulipe pikapu ya kubeba vitu, na landlodi wa huko naye anataka pesa yake tarehe 1. Utakuwa umeipakia shida yako pamoja na kitanda ukaenda kuishusha Bweyogerere.

Kwa wale wageni, mimi si senga, yani shangazi, wa mambo ya ndoa, hayo waulizeni wenyewe. Kazi yangu ni kukusanya kodi. Kuna watu wenye nyumba wananiachia mizigo yao, yani nyumba za kupanga, niisimamie, Banda, Kireka, mpaka huko Kyaliwajjala, na kabla ya hapo nilikuwa keshia, nikawa mweka hazina wa SACCO moja kwa miaka. Kwa hiyo huo mlango unaogongwa saa moja asubuhi naujua pande zote, nimeugonga na nimegongewa. Zamani hizo nilirudi jioni nikakuta kufuli jipya limefungwa juu ya langu, mtoto yuko mgongoni, deni lilikuwa la siku sita. Siku sita tu, mshahara ulikuwa umekwama. Tukalala kwa jirani.

Sasa twende kwenye hesabu yako. Unasema huelewi pesa inaenda wapi, mbona umeniandikia mwenyewe? Unakopa 250,000 unarudisha 272,500, hiyo ni 22,500 kila mwezi. Miezi mitano 112,500. Ukimaliza mwaka hivyo hivyo utakuwa umetoa 270,000, yani mwaka wako wewe una miezi kumi na mitatu ya kodi na huo mmoja wa juu haulalii. Na ona kitu kingine, wewe unaukaa huo mkopo siku nane tisa hivi, lakini unalipia ada ile ile ya mtu aliyekaa nao siku thelathini. Kwa siku zile nane unazohitaji pesa ya watu mkopo huo ni wa bei mbaya sana, na wengi hawaoni kwa sababu 22,500 inakatwa yenyewe, hujaishika mkononi ukaihesabu ukaitoa. Ungekuwa unaitoa kwa noti ungelia.

Halafu usijilaumu ati umekuwa mharibifu. Kilichokupata ni kwamba ulipohama kazi ulipoteza kama siku kumi. Zamani mshahara ulikuwa unatangulia kodi kwa siku tatu, sasa unaifuata kwa siku sita mpaka tisa, na hakuna mtu aliyekupa pesa ya kujazia huo mwanya. Huo mwanya ukiuziba mara moja umeisha, haurudi. Lakini wewe unauziba kila mwezi kwa mkopo halafu tarehe 8 unaufukua tena, ndo maana hauishi.

Njia ya kwanza, na ndo ninayotaka ujaribu kabla ya kitu kingine chochote, ni kusogeza tarehe ya kodi. Najua utasema huyo mama humjui, Senga, huyo hasikii. Subiri. Watu wengi wakienda kwa landlodi kuomba tarehe wanaenda kama wanaomba huruma, "mama nivumilie, mama mshahara unachelewa", na mwenye nyumba akisikia hivyo kichwani anasikia kitu kimoja tu, huyu amenishinda kulipa. Wewe usiende na huruma, nenda na pesa ya zile siku.

Iko hivi. Kodi yako 250,000 ukigawa kwa siku thelathini ni kama 8,333 kwa siku. Unataka tarehe yako iwe 12. Kwa nini 12 na si 8? Kwa sababu umesema wanalipa kati ya 7 na 10, kuna mwezi tarehe 10 itaangukia Jumapili, kuna mwezi benki mtandao utakuwa chini, na ukiahidi 8 halafu mwezi wa kwanza tu ukaleta 11, maneno yako yamekwisha, hatakusikiliza tena milele. Chukua tarehe ambayo hata mambo yakiharibika utaifikia. Basi kutoka tarehe 1 mpaka 11 ni siku kumi na moja, mara 8,333 inakuja kama 92,000. Tarehe 1 inayokuja unampelekea mama 92,000, hiyo ni kodi ya siku kumi na moja, imelipwa, huna deni. Tarehe 12 unampelekea 250,000 ya kukupeleka mpaka tarehe 11 ya mwezi unaofuata. Toka hapo ni kila tarehe 12.

Mama amepoteza nini hapo? Hakuna, kila siku unayolala kwenye nyumba yake imelipwa mapema kama zamani. Na wewe hujalipa zaidi, umelipa siku ulizokaa. Sasa linganisha, hiyo hatua yote inataka 92,000 mara moja, na wewe watu wa simu umeshawapa 112,500 kwa miezi mitano na bado uko pale pale.

Utaniuliza, hiyo 92,000 naitoa wapi? Mshahara ukija sasa hivi mkopo unakata 272,500, unabaki na 407,500. Ukiweka 92,000 pembeni unabaki na 315,500 ya kula, usafiri, Yaka (umeme wa kulipia kabla), maji, na kumtumia mzazi. Huo mwezi utakuwa mchungu, sikudanganyi. Posho (ugali) na maharage, roleksi ya barabarani, ile chapati ya mayai, uiage kwa muda, na kama kuna harusi ya mtu wamekupa kadi ya mchango mwambie ukweli. Lakini ni mwezi mmoja. Mwezi unaofuata mshahara unaingia 680,000, hakuna mkopo unaokusubiri mlangoni, unatoa kodi 250,000 unabaki na 430,000. Ile 22,500 imerudi mfukoni mwako na inabaki humo.

Sasa namna ya kuongea naye, hapa ndo watu wanaharibu. Usimwambie tarehe 1 akiwa mlangoni. Tarehe 1 yeye kichwani anahesabu vyumba, nani katoa nani hajatoa, ukimletea maneno siku hiyo wewe ni chumba kimojawapo kisichotoa. Nenda katikati ya mwezi, ukiwa umelipa, huna deni hata la takataka. Jumapili baada ya kanisa, au kama ni Mwislamu jioni akiwa ametulia. Nenda na kitu kidogo, hata ndizi za kuiva tu, si rushwa, ni adabu, hujaenda kwa mtu mzima mikono mitupu. Kaa chini akikupa kiti. Uliza watoto. Halafu ndo useme, "Mama, nimebadilisha kazi, hawa wapya wanalipa tarehe kumi. Miezi yote hii nimekuwa nakopa ili nisikucheleweshe. Nataka nihamishe tarehe iwe 12, na zile siku kumi na moja za katikati nakulipa zote tarehe 1 kwa mkono." Hiyo sentensi ya kukopa ni muhimu, kwa sababu yeye hajui! Yeye anaona unalipa tarehe 1 anadhani mambo ni mazuri.

Na kabla hajajibu muulize yeye tarehe 1 ana nini. Kwa kweli muulize. Nilikuwa na mama mmoja pale Banda, ana vyumba vinane, daftari lake la Picfare lile la kurasa 96, kila chumba amekipa ukurasa, waliolipa anaandika kwa kalamu ya bluu na wasiolipa kwa nyekundu, na alikuwa mkali wa tarehe 1 mpaka watu wakamuita Katikiro, kama waziri mkuu wa Buganda. Miaka miwili nilidhani ni ukali tu. Siku moja nikamuuliza, kumbe ana mkopo wa benki wa kujengea hivyo vyumba viwili vya mwisho na unakatwa tarehe 5, ikikosekana pesa kwenye akaunti anapigwa faini. Akiwa na watu sita wa tarehe 1 mkopo unatoka, hao wawili wa mwisho hata wakilipa tarehe 20 hajali! Tulikaa naye tukapanga, wawili wakahamia katikati ya mwezi, na aliniambia afadhali hivyo, sasa ana pesa ya kula katikati ya mwezi ambayo zamani ilikuwa inaisha yote wiki ya kwanza. Kwa hiyo usimfikirie mwenye nyumba kama mtu aliyekalia gunia la pesa. URA, mamlaka ya mapato, inachukua kwake asilimia 12 ya kodi yote inayopita 2,820,000 kwa mwaka, bila kumtolea gharama za bati wala choo, Februari ada za shule, anapiga rangi. Ukijua pesa yako inaenda kufanya nini tarehe 1 unajua pa kumshikia. Kama ni mkopo wa tarehe 5, uliza nani mwingine kwenye kompaundi analipa tarehe 15, pengine mtu huyo anapata mshahara tarehe 28 na mnaweza kubadilishana nafasi.

Akikubali, iandikwe. Siyo kwamba humwamini, ila mama atasahau, au mtoto wake wa kiume atarudi kutoka kyeyo (kazi za nje ya nchi) aanze kusimamia nyumba na hayo maneno yenu hayajui. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 inakubali makubaliano hata kwa meseji, na kodi ikifika 500,000 kwenda juu hiyo ni lazima iandikwe. Wewe uko chini ya hapo lakini andika tu. Na akikwambia sawa nakubali tarehe ila nakuongezea kodi, jua sheria hiyo hiyo inasema nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo kwa 250,000 mwisho wake ni 275,000. Usimtupie sheria usoni lakini, kaa nayo mfukoni. Hata hilo la kufuli kama langu la zamani, leo kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa, na ukifungiwa unaanzia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), ila mdogo wangu ukifika huko kwa mtu mnayeishi naye kompaundi moja hata ukishinda umeshindwa, maji mtachota bomba moja kila asubuhi.

Akikataa je? Wapo wanaokataa. Basi kuna njia ya kashi raundi, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, na hii kwako inaingia kama kiatu. Mkiwa kumi, kila mtu 25,000 kwa mwezi, anayepokea anapata 250,000. Ona hiyo namba. Ni kodi yako kamili! Wewe omba zamu ya kwanza, au ya pili. Ukipokea hiyo 250,000 usiiguse, inakaa mpaka tarehe 1 inalipa kodi, na mshahara ukija tarehe 8 hakuna wa kumrudishia mkopo, kwa hiyo toka mshahara huo unaweka 250,000 ya tarehe 1 ijayo, umeshaingia kwenye mstari. Halafu unaendelea kutoa 25,000 yako miezi tisa iliyobaki, ambayo ni zaidi kidogo tu ya ile ada uliyokuwa unawapa watu wa simu, na hakuna riba. Zamu ya kwanza kila mtu anaitaka, najua, waambie wazi sababu. Akina mama wa nigiina, vile vikundi vya kuchangiana, wakisikia "nataka kutoka kwenye mkopo" wanaelewa kuliko "nataka kununua sofa". Ila jiunge na watu mnaofahamiana wanapolala, wa kazini au wa kanisani, kwa sababu raundi zinavunjika na mtu wa kuvunja mara nyingi ni aliyepokea mapema. Usiwe wewe. Namanve ni ndogo.

Na kama raundi nayo hakuna, bado unaweza kutoka pole pole peke yako. Saa hii kila mwezi 22,500 inakwenda kwenye ada. Ongeza 25,000 iwe 47,500, na hiyo 47,500 usiibadilishe. Mwezi wa kwanza 22,500 ni ada, 25,000 inakaa pembeni. Mwezi wa pili hukopi 250,000, unakopa 225,000, ada inashuka 20,250, kwa hiyo pembeni unaweka 27,250. Wa tatu unakopa chini ya 198,000. Inaenda hivyo ikijivuta yenyewe, wa tano uko kwenye 136,000 hivi, wa nane unakopa kama 20,000 tu, wa tisa hukopi kitu. Ni ndefu na inachosha na nimeona watu wengi wakiishia mwezi wa nne kwa sababu kuna msiba, lakini hata ukiishia wa nne hujarudi mwanzo, unakopa 168,000 badala ya 250,000.

Hiyo pesa ya pembeni ikae wapi? Isikae kwenye laini unayonunulia bando. Pesa ya kodi ikikaa pamoja na pesa ya kila siku haina jina, inajibu simu zote. Tafuta laini ya pili, iweke kwenye kile kisimu cha kitochi kibaki nyumbani, au SACCO kama unayo karibu. Au, na hii wengi hawaifikirii, mpe mama mwenyewe. Tarehe 8 umepata mshahara, mpelekee 100,000 ya mwezi ujao mapema. Hajawahi kukutana na mpangaji kama huyo, atakuandika kwa kalamu ya bluu ukurasa mzima. Lakini risiti. Bila risiti usitoe hata mia. Na ukituma kwa simu weka na ya kutolea, kwa sababu serikali inakata asilimia 0.5 kwenye kutoa tangu 2018 na juu yake kuna ada ya mtandao, yeye akipokea pungufu anaandika pungufu. Weka skrinshoti ya meseji, simu zinaibiwa kwenye taksi, jitumie kwenye WhatsApp pia.

Kuhusu kazini. Sheria ya ajira ya 2006 inasema mtu wa mshahara wa mwezi anatakiwa alipwe mwezi ukiisha, lakini kazi yako ina miezi mitano, usianze kwa kupeleka sheria ofisini. Nenda kwa mhasibu, si kwa bosi, muulize kwa upole kama kuna advansi. Makampuni mengi wanayo, unajaza fomu, unapata sehemu ya mshahara tarehe 28 au 30 bila riba halafu wanakata tarehe 8. Hata advansi ya 92,000 mara moja tu inatosha kulipia ile siku kumi na moja! Advansi ya kila mwezi sikushauri, hiyo ni ule ule mwanya, tofauti yake haina ada, na siku mhasibu akibadilishwa mpya anasema hapana, umeanguka.

Watu wa kukopesha wenye ofisi za ngazini huko mjini, pita mbali. 2024 serikali ilitangaza wasizidi asilimia 2.8 kwa mwezi, lakini nenda kaulize bei yao halisi uone. Na akikwambia mwachie kadi yako ya ATM na namba ya siri "kwa usalama" simama utoke hata kama chai imeshamiminwa. Tarehe 8 atakuwa amefika kwenye mashine kabla yako.

Kuna kitu kimoja cha kukuangalisha kwenye kalenda kwa sababu hukukaa Desemba kwenye hii kazi. Kampuni nyingi Desemba wanalipa mapema, tuseme tarehe 22, watu waende kijijini. Inaonekana zawadi. Sasa hesabu, mshahara wa Januari utaingia tarehe 8 Februari. Toka tarehe 22 Desemba mpaka tarehe 8 Februari ni siku arobaini na nane, mshahara mmoja. Na kama kodi yako bado ni tarehe 1, humo ndani kuna tarehe 1 Januari na tarehe 1 Februari, kodi mbili juu ya mshahara mmoja, na katikati kuna Krismasi, nauli zimepanda mara mbili, na kama una mtoto ada inamsubiri Februari. Wapangaji wangu wengi wanavunjikia hapo, siyo miezi ya kawaida. Ukiwa na tarehe 12 humo ndani kunakaa kodi moja tu, ya tarehe 12 Januari, kwa sababu ya Februari mshahara umeitangulia. Hiyo ya Januari ilipe siku ile ile mshahara wa Desemba unaingia, kabla hujakata tiketi ya basi. Kijijini pesa haijui kurudi.

Na Julai mpaka Oktoba uangalie hati ya mshahara, kuna ushuru wa huduma wa serikali ya mtaa unakatwa miezi hiyo minne. Kwa mtu wa mkononi 600,000 na kitu ni 60,000 kwa mwaka, kwa hiyo 15,000 kila mwezi mara nne. Ukikuta pesa imepungua usiende kugombana na mhasibu unayetaka akupe advansi.

Umeniuliza umwambie nini. Ukitoka kwake Jumapili na amekubali, usiku huo huo mtumie hii kwenye WhatsApp, akiweka tu "ok" au sauti ya kusema sawa inatosha, usiifute:

"Mama, asante kwa leo. Kama tulivyoongea, tarehe 1 nitalipa 92,000 ya siku 11 (tarehe 1 mpaka 11), na kuanzia tarehe 12 nitakuwa nalipa 250,000 kila tarehe 12. Naomba unijibu kama ndivyo. Usiku mwema, mpangaji wako wa dabo ya karibu na tangi."